Jani la Isale Lililochomwa Kabla ya Noeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kabla sijaweka mkoba chini. Sista msimamizi wa sakristia, kile chumba kando ya altare ambamo mavazi na vyombo vya misa hutunzwa, alinitazama viatu, akatazama kucha zangu, akasema, "Hapa hatukimbii. Anayekimbia humu ndani huvunja." Nilikuwa msichana wa kutoka huko huko Uru, mlimani Kilimanjaro, nimemaliza darasa la saba, nikadhani nimeitwa kufagia. Sikujua kwamba ningezeekea katika vyumba vya namna ile, wala kwamba ningeondoka kazini nikiwa na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Mnaosoma haya mkiniona nafoka, nivumilieni. Ninayo sababu, na nitaieleza.

Kazi yenyewe ilianza na pasi ya mkaa. Korporale, kitambaa cheupe kinachotandikwa altareni chini ya kikombe cha misa, hunyooshwa ikiwa bado na unyevu kidogo, kisha hukunjwa kwa ndani ili chembe za Mwili wa Bwana zisidondoke. Kasula, vazi la juu la padri, hutundikwa kwenye henga pana, maana ikikunjwa kifuani hubaki na mstari ambao waamini wote watautazama badala ya kusikiliza Injili. Nilijifunza rangi: kijani kwa siku za kawaida, nyekundu kwa mashahidi, nyeupe kwa sherehe, zambarau kwa Kwaresima na kwa Majilio, yaani zile Dominika nne za kujitayarisha kabla ya Noeli.

Majilio yangu ya kwanza nilikosea vibaya. Niliamka alfajiri, nikachuma maua yote niliyoyaona njiani, nikaipamba altare mpaka ikapendeza. Sista aliingia, akasimama.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Sista. Nimepamba."

"Nani amezaliwa?"

"Hakuna, Sista."

"Basi yatoe. Ninyi nyumbani kwenu mgeni akiwa njiani, mnakaa mezani mnakula chakula chake?"

Niliyatoa nikilia. Akanieleza baadaye, kwa upole kidogo, kwamba katika Majilio maua hupunguzwa, wimbo wa Utukufu hauimbwi siku za Dominika, kinanda hupigwa kwa kiasi. Watu wahisi kuna mtu ambaye hajafika. "Wakishiba leo," alisema, "siku yenyewe watasinzia."

Kutoka hapo nilipelekwa Moshi mjini, kwenye kanisa kubwa lenye misa nyingi na harusi nyingi zaidi. Paroko wa pale alikuwa mwanamume mnene, mcheshi, asiyependa kabisa Dominika ya tatu ya Majilio. Siku hiyo huitwa Dominika ya Furaha, na kasula yake ni ya rangi ya waridi, kwa sababu njia imeshapita nusu na watu wanaruhusiwa kuchungulia furaha kwa mbali. Kila mwaka nilimtayarishia vazi hilo, na kila mwaka alilitazama akishusha pumzi. "Mama, nikivaa hili nitafanana na keki," alikuwa akisema. Lakini alilivaa. Hakuwahi kunitafutia njia ya mkato, na kwa hilo namheshimu. Bibi harusi mmoja alipotaka kanisa lijazwe maua na taa mwezi wa Desemba, paroko alimwambia, "Binti yangu, kufunga ndoa utafunga, ila kanisa halijafika Noeli." Bibi harusi alinuna mpaka kwenye picha.

Hatimaye nilirudishwa mlimani, kwenye parokia moja ya juu ambayo jina lake sitalitaja, maana padri wake bado yupo na mimi sitaki kesi. Huko nilikuwa mkuu wa sakristia, na huko ndiko nilikoikuta desturi ninayotaka muijue.

Mahali pengine taji la Majilio ni duara la matawi mabichi lenye mishumaa minne, unawashwa mmoja kila Dominika. Kwetu lilikuwa tofauti. Nilisimuliwa na katekista mzee kwamba paroko wa kwanza kabisa, mzee kutoka ng'ambo, aliwauliza wazee wa kanisa, "Kwetu tunatumia matawi ya msonobari. Ninyi mna nini?" Wakamjibu kwamba wana isale. Mmea huo kila mtu wa huku anaujua. Unapandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo ya migomba na kahawa. Tena ukimkosea mtu, unachukua jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale halikatai. Anaweza kununa, anaweza kusema maneno yake yote aliyoyaweka moyoni, lakini halikatai. Akilikataa, hata watoto wake watamshangaa.

Basi yule paroko aliagiza duara lisukwe kwa maganda makavu ya mgomba, likiwa na mishumaa minne tu, bila jani. Kuanzia Dominika ya kwanza, aliyemkosea mwenzake alileta jani lenye fundo kwenye sakristia, na mkuu wa sakristia, baadaye mimi, akalifunga kwenye taji. Katekista alikwenda kumwarifu aliyekosewa. Huyo naye alitakiwa kuja mwenyewe, kwa miguu yake, kulifungua jani lile baada ya misa, watu wakiona. Taji lilijaa wiki ya kwanza na ya pili, kisha likaanza kupungua. Halikushushwa mpaka jani la mwisho litoke. Likibaki jani mkesha wa Noeli, paroko alilibeba yeye mwenyewe mpaka nyumbani kwa mhusika, hata kukiwa na mvua. Kwa hiyo sote tulijua: ukiona taji limeshushwa, hakuna anayedaiwa msamaha tena, Mtoto anaweza kuzaliwa.

Niliwahi kuona mke na mume waliotengana wakifungua jani pamoja kwa sababu fundo lilikuwa limekazwa kupita nguvu za mke. Niliwahi kumwona mwenye duka, mtu mkavu kama kuni, akilitia jani mfukoni mwa koti na kukaa nalo misa nzima akilishika. Hayo ndiyo Majilio niliyoyatumikia miaka yangu yote ya huko, kupitia maparoko waliokuja na kuondoka. Mmoja alikuwa mkali, mmoja mlegevu, mmoja alipenda kahawa kuliko sala. Wote waliliacha taji mahali pake.

Kisha akaja huyu wa sasa, na pamoja naye Kamati ya Mapambo.

Mnajua Desemba ya huku ilivyo. Watoto wetu walioko Dar na kwingineko wanapanda wote kwa mkupuo, magari yamefuatana barabarani, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, mbuzi wanalia kila boma. Sina ugomvi na jambo hilo. Hata mimi nina mtoto Shirimatunda, kule chini Moshi, ninayemsubiri kwa hamu apande. Ugomvi wangu ni na Mwenyekiti wa kamati ile, mwanamke msomi, mwenye sauti ya kutangaza mnada, aliyeamua kwamba kanisa lazima liwe na sura ya Noeli kabla wageni hawajafika, ili wakifika wapige picha.

"Mama, wewe ni wa zamani," aliniambia kikaoni. "Watu wanasafiri siku nzima, waje wakute kanisa linafanana na msiba?"

"Wakute linasubiri," nikajibu.

"Linasubiri nini tena? Si watakuwa wameshafika?"

Paroko alicheka. Nilimtazama nikitegemea atasema neno. Alisema, "Tutaangalia namna." Hayo ndiyo majibu yake ya kila jambo, kuanzia paa linalovuja mpaka ufufuko wa wafu.

Majilio hayo, yaliyokuwa ya mwisho kwangu kabla ya kustaafu, jani moja lilinigusa kuliko yote. Lililetwa na Mzee Theofili, jirani yangu, mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache. Miaka ya nyuma mama yao alifariki, na mdogo wake Gaspari, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa Dar. Gaspari alipiga simu akaomba wamsubiri, basi limeharibika njiani. Theofili aliamuru maziko yaendelee. Alisema padri ana ratiba, mvua inakuja, watu wamechoka. Gaspari aliwasili jioni ileile akakuta udongo umeshainuliwa na maua yameshawekwa. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye udongo ule mpaka shati likawa matope, akaondoka, na tangu siku hiyo hakumwita Theofili kaka. Alijenga nyumba yake kwenye sehemu yake ya kihamba, akaizungushia ukuta na geti la chuma, huku kwetu ambako watu tumezoea kupitia migombani kwenda kuomba moto.

Dominika ya pili Theofili aliingia sakristia akiwa amevua kofia. Alikuwa na jani.

"La Gaspari," alisema.

"Umechelewa sana, mzee wangu," nikamwambia, maana ulimi wangu haujawahi kuwa na breki.

"Ndiyo. Nimechelewa." Akanipa. "Nilimnyima mama yake, mama. Kila nikipita pale kaburini naona nilimnyima."

Nililifunga juu, karibu na mshumaa wa tatu, mahali pa kuonekana. Katekista alimpigia Gaspari simu Dar akamweleza. Gaspari alisema, "Nimesikia," akakata. Tukajua kwamba hajakataa. Majani mengine yote yalitoka, moja baada ya lingine, na Dominika ya nne ilipofika lilibaki hilo tu. Theofili alikuja misa ya kila asubuhi kuliangalia. Sikuwa na wasiwasi. Gaspari angepanda na wengine. Asipokuja mwenyewe, paroko angelipeleka mkesha, maana nilimkumbusha paroko mara nyingi mpaka akaniomba nisimkumbushe tena.

Ndipo binti yangu wa Shirimatunda alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Niliteremka haraka. Funguo za sakristia nilimwachia paroko mkononi, nikamwambia, "Padri, jani moja limebaki. Lisiguswe." Akasema amenielewa.

Mjukuu alizaliwa salama. Nilirudi mkesha wa Noeli mchana, nimebeba uchovu na furaha, nikapitia kanisani kabla ya kufika nyumbani. Nikakuta mti wa plastiki umefika karibu na dari, umevikwa taa za kuwakawaka za rangi nne. Maua yamejaa mpaka kwenye ngazi. Taji halipo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa juu ya kiti anafunga utepe.

"Taji liko wapi?"

"Karibu mama! Hongera kwa mjukuu! Tulilishusha tangu juzi, lilikuwa limekauka. Linaangusha takataka kwenye zulia jipya."

"Na jani?"

"Jani gani?"

"Lililokuwa limefungwa pale!"

"Tulichoma vyote nyuma huko, na majani ya migomba." Akaniangalia, akashuka kwenye kiti. "Mama, lilikuwa jani tu. Isale zimejaa kila mpaka. Si tunakata lingine?"

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, maana nimeahidi kueleza sababu ya hasira yangu: nilisimama mbele ya altare niliyoitandika kwa miaka yote ile, mkono umeshainuka. Paroko alitokea sakristia. Niliuliza kwa nini. Akasema, "Mama, tusigombane kwa ajili ya majani siku ya leo." Siku ya leo! Kama si leo, lini?

Ndipo nikamkumbuka Theofili, aliyekuwa akija kila asubuhi. Kama amekuja juzi au jana akaona taji limeshushwa, ameelewa nini? Ameelewa kile ambacho sote tulifundishwa kuelewa. Nilitoka mbio, mimi niliyefundishwa kutokukimbia.

Nyumbani kwake nilimkuta mke wa kijana wake tu, anapepeta. "Shikamoo, mama. Baba ametoka na wazee wa ukoo," alisema, uso unang'aa. "Wameenda kwa baba mdogo. Jani limeondolewa! Wamebeba mbuzi na mbege."

Niliwakuta getini kwa Gaspari. Theofili alikuwa amevaa koti lake la harusi za watoto, ameshika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa mikono miwili isimwagike. Nyuma yake wazee wa ukoo, na mbuzi kwenye kamba. Mlinzi, kijana asiye wa huku, alikuwa ndani ya geti, anaongea kupitia vyuma.

"Bosi anasema hana mgeni leo."

"Mwambie ni kaka yake," Theofili alisema kwa utaratibu. "Mwambie nimeona ameondoa. Nimekuja kunywa naye."

Mlinzi alikwenda. Nilitaka kusema, lakini niseme nini pale, mbele ya wazee wote? Gaspari akatoka, amevaa kaptula, mtu wa makamo sasa, nywele zimeanza kuwa nyeupe kama za kaka yake. Hakufungua geti.

"Nimeondoa nini?"

"Isale. Kanisani."

"Mimi nimefika jana jioni. Sijakanyaga kanisani." Akatazama wazee, akatazama mbuzi. "Ndiyo mbinu mpya hii? Unaleta ukoo mzima ili nishindwe kukataa?"

"Gaspari, aisee, nisikilize," nikaingilia. "Jani lilikuwepo. Wamelichoma, wale wa kamati. Kaka yako hajui."

"Mama, kila mtu ana maelezo," alisema. "Hata siku ile ya mama walikuwa na maelezo."

Akageuka akaingia ndani. Theofili alisimama. Hakunilaumu, hakumlaumu mtu. Aliinama akamwaga mbege yote polepole kwenye nyasi za nje ya ukuta, akasema, "Kumbe," kisha akashika njia ya migombani. Wazee wakamfuata na mbuzi wao.

Sasa nisikilizeni. Gaspari angeliona lile jani likining'inia pale, limekauka, na fundo lililofungwa na vidole vya kaka yake, angelichukua. Nayasema haya kwa uhakika wa mtu aliyeona majani mengi. Kama angegoma, paroko angelibeba usiku ule hadi getini, na hakuna mtu wa mlima huu anayemrudisha padri mwenye isale mkononi. Kulikuwa na njia mbili, zote zimewekwa tayari na watu waliokufa zamani, na zote zilizibwa na wapambaji ambao hawakuweza kungoja jioni moja. Jioni moja tu!

Nilistaafu Dominika iliyofuata. Paroko alinisifu, waamini wakapiga vigelegele, nikavishwa kitenge. Nikapewa kipaza sauti niseme neno la shukrani. Nilisema, "Nashukuru kwa kitenge. Mwaka huu Noeli haikufika hapa, ila mlipamba vizuri." Kinanda kikaanza kupigwa haraka haraka. Wengine walisema nimezeeka vibaya. Sawa.

Vijana mnaoshika kazi hii sasa mnaniuliza siri ya kunyoosha korporale na ya kuondoa nta kwenye kitambaa. Hayo mtajifunza kwa wiki moja. Kigumu ni kukaa na kanisa lisilopambwa wakati kila mtu anakusukuma upambe, na kumwambia mwenye gari kubwa, bwana, bado. Mimi nilikuwa na miaka mingi ya kusema "bado", na siku niliyogeuza mgongo wakasema "tayari" badala yangu. Wanaonishauri nisamehe wananishauri vizuri. Mwenyekiti ajue kwamba nasubiri isale kutoka kwake, na isale zimejaa kila mpaka, kama alivyosema mwenyewe.

Mwaka huu taji limerudishwa, kwa sababu wazee wa jumuiya zote waligoma kutoa mbuzi wa parokia mpaka lirudi. Na wiki ya kwanza ya Majilio nikapigiwa simu.

"Shikamoo, mama. Ni Gaspari."

"Marahaba."

"Nilikuja kuambiwa ukweli baadaye. Na shangazi, na katekista. Mama, sijalala vizuri mwaka mzima." Akakohoa. "Nimekutumia kitu kwa basi. Naomba unisaidie kukifunga pale."

Niliteremka stendi ya Moshi, nikapewa boksi. Ndani, juu ya karatasi laini, kulikuwa na jani la isale la bustani za Dar, pana, limepanguswa likang'aa, limefungwa fundo zuri. Na utepe juu yake. Nililitazama, nikafunga boksi, nikamrudishia kondakta alirudishe lilikotoka. Kisha nikampigia.

"Linarudi na basi la kesho."

"Mama! Kwa nini?"

"Isale halisafiri peke yake. Linaletwa na mkono uliolifunga."

"Sina likizo mpaka tarehe ishirini na tatu!"

"Basi kaa huko na likizo yako."

Nilisikia magari ya Dar nyuma yake, na honi. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo, ya kitinda mimba.

"Nikija, atalichukua? Baada ya lile la getini?"

"Sijui. Sijamuuliza."

"Basi anasemaje? Anasema lolote?"

"Kila asubuhi anakuja misa," nikamwambia. "Misa ikiisha haondoki. Anabaki benchi la mbele, analitazama taji mpaka watu wa kufagia wamwombe atoke. Jana nilimuuliza anafanya nini pale. Amesema anapumzisha miguu."

"Kaka anaumwa miguu?"

"Gaspari," nikasema, "miguu ya kaka yako ni mizima." Nikakata simu.